Saa Nzima kwa Mkono

4 Machi

Baba mpendwa,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama hajambo? Mimi mzima wa afya, ila moyo haujatulia. Nakuandikia wewe kwa kuwa umeendesha lori miaka thelathini, hutanicheka.

Watu wanadhani sisi marubani tunashika usukani njia nzima. Wapi! Tukishapaa, dakika chache tu nabonyeza kitufe na ndege inajiendesha, kilomita mia nane na hamsini kwa saa. Mimi naangalia mitambo na kunywa chai. Jana Kapteni aliniuliza, "Anga safi leo, utatua kwa mkono?" Nikasema nimechoka. Uongo, Baba. Niliogopa. Ni miezi minne sasa nakwepa. Mikono imesahau kazi.

Usimwambie Mama.
Binti yako, Kitindamimba

19 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Goti linanisumbua asubuhi tu. Mama yako hajambo. Nimemwambia unamsalimu, basi.

Kwanza, mbona hamkanyagi mafuta? Mia nane na ushee, na njia yote ni yenu!

Sasa hilo la woga. Lori liliponipindukia, nilikaa miezi miwili nikimwachia dereva mwenzangu kila mteremko. Nikasingizia macho. Siku alipougua nikabaki peke yangu na mzigo wa saruji. Niliteremka kwa gia ya kwanza, jasho chapachapa, wa nyuma wakinipigia honi na kunitukana. Usingoje kulazimishwa kama mimi. Mwambie mkubwa wako ukweli.
Baba yako

6 Aprili

Baba,
Shikamoo. Tukizidisha mwendo, ndege inatikisika na mafuta yanakwisha upesi. Tukipunguza mno, mabawa hayatubebi. Kule juu, nafasi kati ya hayo mawili ni ndogo.

Nimemwambia Kapteni. Nilidhani atanishtaki. Akasema, "Afadhali umesema. Kesho unatua wewe." Mara ya kwanza niliibamiza ndege chini mpaka abiria wakapiga kelele. Mara ya sita nilitua laini.
Kitindamimba

20 Mei

Mwanangu,
Hujambo? Wiki sita kimya. Mama yako anauliza kila siku. Andika hata mstari mmoja.
Baba yako

28 Mei

Baba,
Shikamoo, na unisamehe. Mimi na Kapteni tulikuwa tunahojiwa kazini. Tarehe tisa Aprili, mtambo wa kujiendesha ulizimika tukiwa juu kabisa, abiria mia na arobaini nyuma yetu. Tukauwasha, ukagoma. Kapteni alikuwa akizungumza na waongozaji wa ndege. Akaniambia tu, "Ishike." Tukashuka kidogo, tukapunguza mwendo, nikaishika saa nzima na dakika kumi, mpaka magurudumu yakagusa lami.

Mlangoni bibi mmoja alinifokea: "Mmetuchelewesha! Wajukuu wananingoja tangu saa nane!" Nikamwomba radhi, nikamshika mkono ashuke ngazi. Akasimama katikati, akaniangalia usoni.

"We mtoto, mbona umelowa jasho hivi? Unaumwa?"

"Sijambo, Bibi," nikamwambia. "Sijambo kabisa."

Akaendelea kunishikilia mpaka chini.
Kitindamimba wako