Tanuru la Mwazye na Daraja Lako

Mwazye

Kaka Felisian, shikamoo.

Huku tu wazima, na maharage yamestawi kwenye matuta.

Baba anaona! Madaktari waliofika Sumbawanga walimtoa mtoto wa jicho asubuhi, mchana akawa anakunywa chai. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, akalalamika kwamba nimezeeka. Watu wa leo wanaweza, kaka, nawavulia kofia.

Tuliporudi hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani, kwenye tanuru la kuyeyushia chuma, lile ulilotaka kulivunja kwa trekta mkakosana naye. Alilipapasa, akanisimulia tena jinsi wazee walivyolipamba kama bi harusi kabla ya kuliwasha, na upepo wenyewe ukachochea moto kupitia matundu ya chini. Nilishangaa upya. Ni udongo wa kichuguu tu, na hadi leo linatuzidi urefu!

Ndipo nikamwonyesha kwenye simu picha ya daraja mnalojenga huko pwani, ile uliyosema niitazame peke yangu. Aliisogeza karibu na jicho, akaikazia macho muda mrefu.

"Nani ameunga vyuma hivi?"

"Felisian, Baba."

Akakirudisha kiganja chake kwenye tanuru. Kisha akasema, "Mwambie mwanangu aje alitazame vizuri hili la babu zake. Halafu anipeleke nikalione daraja lake."

Kaka, tangu uondoke, hiyo ndiyo mara ya kwanza Baba kukuita mwanangu.

Mdogo wako anayekungoja,
Bertila