Nati Moja Isiyo na Rangi

Baba,

Kamwene. Hapa Mlandege tu wazima. Mama anakula vizuri sasa, na Jumamosi alicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nitakueleza kilichomchekesha.

Gari lako la mwisho halikuuzwa. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza.

Siku ya kuanua matanga, baba mdogo alisema mbele ya ukoo kwamba gari la mashindano lisilo na dereva ni banda la kuku tu, na kuna mtu wa Rujewa analitaka. Nikasema dereva yupo. Watu wote wakatazama mlangoni, wakidhani kuna mtu anaingia. Mwishoni tukakubaliana: nikilifikisha salama mwisho wa mashindano ya Igowole, linabaki nyumbani. Likinifia njiani, mtu wa Rujewa alichukue.

Nilikusomea kona miaka sita, Baba, nikikutajia kila moja kabla hujaifikia. Kila kombe lililo kwenye kabati la Mama, nilikuwa kiti cha kushoto na daftari mapajani. Lakini usukani wako niliushika gereji tu, nikiufuta vumbi.

Siku moja kabla ya safari nililala chini ya gari na tochi, nikikagua rangi. Unakumbuka Mama alivyokuwa akilalamika kuhusu rangi yake ya kucha? "Mume wangu anapamba magari, mimi vidole vyangu kama vya mtawa." Kila nati uliyoikaza uliitia tone jekundu, na ulikataza mtu kumpakia mwenzake. Aliyekaza ndiye apake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo.

Nikakuta nati moja haina rangi. Mbele kushoto, pale chuma cha usukani kinaposhika gurudumu.

Fundi Ambakisye, yule uliyemtoa Mbeya ukamfundisha kuchomelea, alichungulia. "Dada, mzee hajawahi kuacha nati. Rangi imebanduka tu. Paka twende."

"Mimi sijaikaza," nikamwambia.

"Haya. Umekuwa yeye kabisa."

Spana yako ilikuwa bado pale chini, juu ya kitambaa. Nikaiweka kwenye nati. Ikazunguka, Baba. Ikazunguka karibu mara mbili. Kumbe ni pale ulipoishia siku ile, uliposema kifua kinabana, unakwenda kunywa maji.

Nikaikaza, nikapaka.

Igowole mvua ilinyesha tangu alfajiri, na barabara ya katikati ya mashamba ya chai ikawa kama sabuni. Ambakisye alinisomea kona kama anayesoma matangazo ya kanisani. Kona imeshapita ndipo anaitaja. Kwenye daraja la mbao gari liliruka, likatua kwa gurudumu lile lile la kushoto. Nikashika usukani, ukanitii kama ulivyokuwa ukikutii wewe.

Tulikuwa wa tatu. Wewe ungekuwa wa kwanza, na ungenitania mpaka tufike nyumbani. Lakini watu wa pembeni ya barabara walipoliona gari walitaja jina lako, si langu, na sikuona wivu hata kidogo. Madereva wa kushinda wapo wengi, Baba. Wa kushinda na gari walilochomelea wenyewe nyuma ya nyumba, mimi namjua mmoja.

Baba mdogo alikuwa mwisho wa barabara pamoja na Mama. Hakunipongeza. Alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani, akataka nimwonyeshe ile nati ambayo Ambakisye alikuwa amemsimulia. Alipoinuka alikuwa mwekundu kwa tope mpaka mapajani. "Sasa mwanangu," akasema, "yule wa Rujewa nitamwambia nini?"

Hapo ndipo Mama alipocheka.

Amenunua chupa mbili za rangi. Moja yake, moja ya gereji. Baada ya mavuno mimi na Ambakisye tutaanza gari jingine, kwa michoro yako ya kwenye maboksi. Nakuahidi sitapaka nati ambayo mkono wangu haukuikaza, hata kama watu wananisubiri barabarani.

Lala salama, Baba. Spana uliyoiweka chini nimeiokota.

Binti yako,
Tumaini