Kihenge Hujaribiwa kwa Ndani

Mpendwa Mama Mkubwa,

Walikuzika Jumatatu, na mimi nilikuwa hapa kambini nabeba mifuko ya saruji. Sikuwa mgonjwa. Nauli nilikuwa nayo. Hakuna mtu aliyenikataza kwa mdomo wake. Nimezuiwa na simu. Najua ungekuwa hai ungeniuliza, "Simu ina mikono?" Haina. Lakini geti la kambi halifunguki mpaka yenyewe ikubali.

Nakuandikia barua ambayo hutaisoma, na nimeamua wengine waisome, kwa sababu wapo watu kazi yao ni kutengeneza mambo haya ya kwenye simu na kompyuta, na hao hawakukujua. Acha niwaambie kwanza wewe ni nani kwangu.

Hukunizaa. Mumeo alikufa, mabinti zako wakaolewa, mji ukabaki hauna mtoto wa kiume. Ukafanya walivyofanya wanawake wengi wa kwetu Butiama tangu zamani: ukatoa ng'ombe wako mwenyewe, ukamwoa mama yangu, awe mke wa nyumba yako, na watoto atakaozaa wawe wako. Mkoani kwetu wanaita nyumba ntobhu. Nikazaliwa mimi, na jina lako ndilo jina langu la pili. Nilikuita Mama Mkubwa kwa sababu mtoto akiita "Mama" pale uani mliitikaga wote wawili. Ila siku wenzangu waliponitukana kisimani kwamba sina baba, nikarudi nalia, ulinivuta sikio.

"Nani alitoa ng'ombe?"

"Wewe."

"Nani amejenga huu mji?"

"Wewe."

"Sasa unalilia nini? Wakikuuliza tena, waambie baba yako anavaa kitenge."

Niliwaambia. Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika, na tangu siku ile hawakuniuliza tena.

Huku Kusini, kila jambo linanirudisha kwenye kihenge chako. Kila mwaka kabla ya kuingiza mtama ulikikandika upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kikakauka. Halafu jua likiwa kali, unainua paa lake la nyasi, unaniingiza ndani, unanifunika. Humo mlikuwa na joto na harufu ya mtama wa mwaka jana. Mama yangu alikuwa anapiga kelele: "Mtoto atakufia humo!" Wewe unamjibu, "Na panya wakituwahi, tutafia wapi?" Kisha unagonga ukuta kwa nje.

"Unaona nini?"

"Giza."

"Ngoja macho yazoee. Sasa?"

"Naona nyota."

"Iko wapi?"

"Hapa kwenye goti."

Nachomeka unyasi kwenye lile tundu dogo la mwanga, wewe unauona kwa nje, unaziba. Tunaendelea mpaka nyota zote zimekwisha, ndipo unanitoa, nimelowa jasho. Siku moja nilikuuliza kwa nini usikague mwenyewe kwa nje, maana umekikandika kwa mikono yako. Ulisema, "Aliyekandika asikague. Jicho lake linapenda kazi yake. Kihenge kinajaribiwa kwa ndani."

Nakumbuka na ile safari ya Musoma kununua tochi. Muuza duka aliiwasha, ikawaka, akaanza kuifunga kwenye gazeti. Ukasema bado. Ukaiwasha, ukaizima, ukaitikisa, halafu ukaiachia ikaanguka sakafuni.

"Mama! Utaivunja!" yule mtu akaruka.

"Ikivunjika hapa ni yako," ukamwambia. "Ikivunjika kule kwangu ni yangu."

Nilitaka ardhi inimeze, watu walikuwa wanatazama. Nilikuwa sijajua kwamba nitakuja kuwa mtu mzima, nimefungiwa porini, nawaza kwamba laiti mtu mmoja tu angekiangusha kitu fulani sakafuni mapema.

Uliniaga Bunda. Nilikuwa nimemaliza msimu wa kubeba marobota ya pamba kiwandani, nikasikia kuna kazi ya barabara huku mbali. Hukulia. Ulinipa ugali wa muhogo na samaki wa kukausha kwenye mfuko, ukasema, "Ukifika kwa watu, kabla hujatazama sahani tazama mlango wa kutokea." Nilicheka. Nilikuwa natazama sahani.

Kambi yetu iko porini, imezungushiwa waya, na barabara kuu iko mbali. Zamani ukipata shida ulimwendea karani wetu, dada Rehema, unamweleza, anakuandikia karatasi ya ruhusa, mlinzi anaisoma, unatoka. Mwaka huu wakaleta mfumo. Unaomba ruhusa kwenye simu, ukikubaliwa unapewa namba, unaibonyeza kwenye mashine ya getini, geti linafunguka. Asiye na namba hatoki. Anayepenya kwenye waya anaandikwa mtoro, na gari la kambi halimpakii.

Kabla hawajauwasha walikuja vijana wawili wa kompyuta, wakasema wanatafuta vibarua wachache wa kuujaribu. Mimi nikachaguliwa kwa sababu nimefika kidato cha pili na simu yangu ni ya kugusa. Tulikaa bwaloni kunakoliwa chakula. Mmoja wao, tulikuwa tunamwita Injinia, akatugawia karatasi yenye mtu wa kubuni: jina lake Juma Mfano, namba yake ya kazi sifuri tupu, baba anaye, mama anaye, mke anaye, watoto wawili. Mtu aliyekamilika. Tukaambiwa tumwombee Juma ruhusa ya kufiwa na baba yake. Tukabonyeza. Ikakubali. Injinia akapiga makofi.

Nikauliza, "Naweza kujaribu na watu wa kwetu?"

"Kwenu kukoje?"

"Baba yangu ni mwanamke."

Bwalo zima lilicheka. Injinia naye alicheka, lakini si kwa ubaya. "Kaka, hapo mfumo utaumwa kichwa! Fuata karatasi. Watu wako utawajaza siku ya kujaza. Leo tunajaribu tu."

Leo tunajaribu tu. Mama Mkubwa, kama ungekuwepo pale! Unamkumbuka yule beberu wako, ulimpa jina Diwani kwa sababu alikuwa anaingia kila mji bila hodi? Ukijenga zizi jipya ulikuwa unamfungia humo yeye peke yake, kutwa nzima. Ulisema mbuzi mpole hawezi kukuambia kama zizi lina tundu. Injinia alikuja kutoka Dar es Salaam na mbuzi mpole mmoja kwenye karatasi, akamwingiza zizini, akamwona ametulia, akafurahi. Tukapewa soda. Wakaondoka siku ileile.

Siku ya kujaza ikafika. Kwenye mama nikamwandika mama yangu mzazi. Kwenye baba nikakuandika wewe. Simu ikasema, "Baba lazima awe mwanamume." Nikajaribu kukuweka kwa mama, ikasema mama ameshajazwa. Dada Rehema akaniambia kwa baba niandike "hayupo," wengi tu hawana. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika hayupo, mfumo ukanipokea.

Aliyenipigia simu ni mama, Jumapili, sauti imekauka. "Mwenye mji ameondoka," akasema. Nikafungua mfumo. Nikachagua msiba. Nikachagua baba. Mfumo ukanijibu, "Hakuna baba aliyesajiliwa." Nikabonyeza tena, kama vile ukibishiwa unarudia kwa sauti kubwa. Mfumo ukajibu vilevile.

Dada Rehema alihangaika, sitamsema vibaya. Aliwapigia wenye mfumo nikiwa nimesimama palepale. Wakasema tatizo wamelipokea, litarekebishwa kwenye toleo lijalo. "Toleo lijalo ni lini?" akauliza. Hawakujua. Karatasi za ruhusa za zamani zilishachomwa, na bosi wake alisema jambo lisilo ndani ya mfumo halipo. Ndipo akanisogelea, akashusha sauti.

"Kaka yangu, mwandike mama yako. Andika amefariki. Mfumo utakubali sasa hivi. Ukirudi tutaangalia namna ya kumfufua."

"Mama yangu anapumua, dada."

"Najua. Pole. Ila mfumo haujui."

Nilimpigia mama nikamweleza. Nilidhani atakasirika. Nikamsikia akifukuza kuku. Kisha akasema, "Mwanangu, mazishi yamepita bila wewe. Udongo wa kwanza ulikuwa wa kwako, umetiwa na shemeji yangu. Jumamosi tunamaliza matanga. Shemeji zangu, ndugu wa yule mumewe, wanapita hapa uwanjani wanaupima mji kwa macho. Wamesema kama mtoto wa nyumba hajatokea matanga, basi nyumba haina mtoto, na mke wa nyumba isiyo na mtoto arudi kwao. Kwetu nirudi kwa nani, kwa umri huu? Kama kufa kwenye simu kutakuleta, niue. Niandike."

Niliandika. Jina lake lote, nikachagua mama, nikachagua amefariki. Kilikuwa kimebaki kitufe kimoja. Kidole hakikushuka. Uliniambia mtu aliye hai hatamkwi pamoja na waliokufa, nami sina elimu ya kubishana na hilo. Nikafuta. Kwa siku tatu nimebeba saruji, nikipumzika nautazama ule waya. Nilikuwa ndani ya kihenge tena, ila hakuna aliyekuwa anagonga kwa nje.

Mpaka hapa niliandika jana, baada ya kazi, nimekaa kwenye gogo karibu na geti. Yaliyobaki nayaandika leo, na utajua naandikia wapi.

Jana nilipokuwa nakuandikia habari za Diwani na karatasi ya Juma Mfano, kalamu ilisimama. Nikajiuliza, Juma alikwenda wapi? Tulimjaza, tukamuua baba yake, tukampa ruhusa, tukanywa soda. Je, walipoondoka walimtoa? Wewe ulikuwa ukimaliza kujaribu zizi unamtoa Diwani, na kinyesi chake unafagia. Nikafungua simu, nikaingiza sifuri tupu. Akafunguka. Juma Mfano alikuwa bado ndani, ana kila kitu chake, na ruhusa yake ya msiba imekubaliwa, namba ya geti ipo, haijatumika.

Nikaona nyota, Mama Mkubwa.

Sikufurahi moja kwa moja. Nikitoka kwa jina la mtu asiyekuwepo, mimi mwenyewe nitaonekana niko kambini lakini kazini sipo. Kazi naweza kuikosa, na kazi hii ndiyo inayomlisha mama. Lakini mama asiye na nyumba nitampelekea chakula wapi? Asubuhi nikavaa shati la kutokea, nikamuaga Rehema kwa macho, nikaenda getini.

Mlinzi wetu ni mzee, tunamwita Afande ingawa jeshi hajalipitia. Ananijua vizuri, tunakulaga naye. Nikabonyeza namba. Mashine ikalia, akainama kusoma kioo.

"Juma Mfano," akasoma. Akaniangalia. "Juma Mfano ndiye wewe?"

"Leo ndiye mimi, Afande."

"Jana ulikuwa nani?"

"Jana sikuwa na baba."

Habari za msiba wangu kambi nzima walikuwa wanazijua. Akavuta kofia. "Mimi macho yangu mabovu. Mashine imesema pita, mimi ni nani nibishane na mashine?" Kisha akarudi kwenye kioo, kumbe kulikuwa na maneno mengine chini. Akayasoma polepole, kwa sauti, kama anayesoma kanisani: "Ndugu Juma Mfano, tunakupa pole kwa kufiwa na baba yako."

Geti likafunguka.

Watu wengi wamenipa pole wiki hii, na nawashukuru. Wamenipa pole ya bibi, pole ya shangazi, pole ya "yule mama yenu." Ile ya mashine ndiyo iliyokuita kwa cheo chako, na ilikuwa inampa mtu mwingine.

Sasa nimekaa kando ya barabara kuu, gari la kambi limenishusha, nangoja basi. Ndani kule naonekana bado nimo, sijatoka, na sijui kama nitarudi kumtoa yule wa kule ndani. Ijumaa nitashuka Bunda, Jumamosi mapema nitakuwa uwanjani kwako kabla shemeji za mama hawajakaa. Wakiniuliza mimi ni nani kwenye mji huu, nitawajibu ulivyonifundisha kisimani.

Hawa wa kompyuta, kama wanasikia, siwadai kitu. Wakikandika kingine, wamwingize ndani mtu wa kwetu, wamfunike, wangoje macho yake yazoee, na akisema anaona nyota wasicheke.

Pumzika, Baba. Kihenge chako nitakikagua mwenyewe, nikitosha kuingia.

Ni mimi,
mtoto wa nyumba yako