Taji la Kosa Bora

Jumatatu, 4 Machi

Darasa limecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia! Mchezo wangu umekubali — mwenye kosa bora la siku, akilieleza ubaoni, anavaa taji la boksi. Leo kalichukua mwanafunzi tunayemwita Miwani: kaandika mzizi wa x² + 9 ni x + 3. Nikawaambia, mkiwa na shaka, wekeni namba! Ijumaa mtihani. Asiyefika hamsini haingii somo la kalkulasi, na bila kalkulasi hakuna uhandisi. Kazi yangu ni kuwavusha.

Fundi tu ndiye asiyetoka mbele. Kashona nguo miaka tisa kabla ya kuingia chuo. Ukimwita ubaoni anainama, utadhani kadondosha sindano.

Jumatano, 6 Machi

Taji limerudi! Jana lilichanika, Fundi akaondoka nalo. Leo lina pindo la satini na vifungo vitatu. Maridadi! Nikamwambia alivae basi. Akasema siku wakimcheka atarudi kwenye cherehani yake. Roho ikaniuma.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesahihisha karatasi zote, vidole vyekundu kwa wino. Ishirini na sita wamepita!! Nikacheza peke yangu ofisini, viatu mkononi.

Fundi — arobaini na nane. Nikavaa viatu.

Jumatatu, 11 Machi

Matokeo yamebandikwa. Fundi hakuja.

Jumanne, 12 Machi

Lahaula! Fundi kaja na karatasi yake, moja kwa moja ubaoni — mbele ya watu wote! Swali la saba, lenye mzizi wa x² + 9. Mwalimu, anasema, weka nne mahali pa x. Nikaweka. Kumi na sita na tisa, ishirini na tano. Mzizi wake tano. Majibu yangu ya kusahihishia, x + 3, yanasema saba. Saba! Kosa lilelile la Miwani, nimelifanya mimi. Waliopata nimewakata, waliokosa nimewapa! Mganga hajigangi, jamani.

Fundi akanivika taji. Darasa likalipuka, na yeye akacheka kuliko wote. Nikimrudishia alama tano za swali hilo, ana hamsini na tatu!

Nikakimbia naye kwa Mkuu wa Idara. Mkuu kasema matokeo yakishabandikwa hayabanduliwi. Nikabisha, akanitoa nje. Fundi akasema, niachie mimi, mwalimu. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Naandika haya kwenye benchi la nje. Taji bado liko kichwani, karani ananikodolea macho — shauri yake! Dakika ya ishirini sasa. Nasikia sauti moja tu humo ndani, na si ya Mkuu.