Namba Iliyorudi Kuwa ya Zamani

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 318.
9 Machi

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo shuleni. U hali gani? Goti je, bado linakusumbua ukipanda zile ngazi za maktaba? Na Shemeji, kifua chake kimetulia? Mimi mwilini ni mzima, ila macho yameanza kuchoka, jambo la aibu kidogo kwa mtu anayekata lenzi za miwani za wenzake.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike Mama hujapata neno langu hata moja, na bila shaka umeshasema moyoni, "Mdogo wangu Kidole ni yule yule, kaenda zake." Dada, nimekuandikia ujumbe kila wiki kwa miezi minane. Nivumilie nikueleze yalivyokuwa.

Siku ninaondoka ulinipa namba yako mpya kwenye kikaratasi. Niliiingiza kwenye simu papo hapo, kikaratasi nikakitupa. Sasa simu yangu imeunganishwa na kompyuta ya dukani, ili miwani ya mteja ikiwa tayari nimpigie mwenyewe. Humo kwenye kompyuta jina lako lilikuwemo na namba ya zamani uliyokwisha kuiacha. Kila jioni vifaa hivi viwili hulinganisha majina, na vikitofautiana, kompyuta ndiyo inayosikilizwa. Basi jioni ya kwanza tu niliporudi kazini, namba yako mpya ikafutwa, ya zamani ikakaa mahali pake. Jina lilibaki lile lile, "Dada". Nani huangalia tarakimu?

Nikaandika. Kwanza kabisa nilikuomba radhi. Niliondoka siku moja baada ya mazishi nikakuachia vyumba vya Mama, utoe vitu vyake peke yako, nikasingizia kazi. Kazini hakuna aliyekuwa ananihitaji. Nilishindwa kuvumilia kuliona koti lake pale nyuma ya mlango, basi. Hukujibu. Nikipiga, inaita hadi inakatika. Nikasema ana haki ya kuninunia.

Mwezi wa kumi nilikuandikia kwamba wifi yako ameondoka. Hatukurushiana maneno. Alisema amechoka kuishi na mtu asiyezungumza, akachukua cherehani yake na makopo ya maua yaliyokuwa dirishani. Hilo nalo hukujibu, na hapo niliumia, sikufichi. Siku hizi nakula nimesimama. Nikimaliza naosha sahani moja, kijiko kimoja na bilauri moja, halafu jioni nzima bado iko mbele yangu.

Wiki mbili zilizopita nikaandika: "Nijibu hata kwa tusi." Kesho yake mchana, niko kwenye mashine, simu ikaita na jina lako likatokea. Nilizima mashine nikapokea kwa mikono iliyolowa.

"Dada!"

"Mimi siye dada yako, baba," ikasema sauti ya mama mtu mzima. "Laini hii niliinunua dukani mwaka jana. Nisamehe."

Nilimuuliza kwa ukali mbona miezi yote hiyo alikaa anasoma mambo ya watu na kunyamaza.

"Nilitaka kukwambia tangu ule wa kwanza," akasema. "Lakini ningekwambia, usingeandika tena. Na mimi sina mwingine anayeniandikia."

Dada, maneno makali nilikuwa nayo tele. Lakini yeye akanipa pole ya Mama, kisha akanipa pole ya mke wangu. Ndiye mtu wa kwanza kunipa pole hiyo, na hata sura yake siijui.

Nilimwita fundi wa kompyuta. Aliandika namba ya majaribio kwenye simu kwa jina lako, akavilinganisha vifaa, nayo ikapotea tukiwa tunaitazama. "Umeona? Simu ikisema hivi, kompyuta inaibishia, na mipangilio imeipa kompyuta neno la mwisho." Sasa ametenganisha orodha mbili, wateja kwao na ndugu zangu kwao. Kisha nikamwomba anitafutie namba yako ya kweli. Alipekua nakala zote za akiba, moja baada ya nyingine. "Humu haikuwahi kulala hata siku moja," akasema, akafunga mkoba wake. Nikampigia Mjomba, naye anayo ile ile ya zamani.

Kuna linaloniuma zaidi. Mwezi wa kwanza mwaka huu namba nisiyoijua ilinipigia mara tatu, saa ya chakula cha mchana. Mimi namba ngeni huwa sizipokei, na Ijumaa nilifuta orodha yote kama kawaida yangu. Ulikuwa wewe? Kama ulikuwa wewe, sijui nikuombe radhi kwa maneno gani.

Ndiyo maana naituma hii kwa anwani ya shule. Nimeomba likizo ya siku kumi, kuanzia tarehe ishirini na moja, na bosi ametia saini. Sitasubiri jibu lako, kwa kuwa najijua: nikisubiri nitapata sababu ya kutokuja. Nakuja. Kama umenuna, ninunie nikiwa nimeketi hapo mbele yako, nikuone. Na kama kuna hata kasha moja la Mama ambalo hukulifungua, liache. Tulifungue wote wawili.

Nisalimie Shemeji sana, mwambie asinitanie mvi. Mapacha wako wasalimie kila mmoja kwa zamu yake, wasije wakagombana. Shangazi mpe mkono wangu, umsemeshe kwa sauti kubwa. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na goti jepesi.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda hata siku ambazo sikukufikia,

Kidole