Kwa Dada Yetu, Fundi wa Lifti Aliyelisubiri Ini

Umetimia mwaka mzima, Dada, tangu Alhamisi ile saa kumi jioni ulipotutupa mkono. Ninayeandika ni mimi kitindamimba wenu. Bonge amesema akishika kalamu haiendi, na shemeji, mumeo, amesema tuandike tu, yeye atasoma.

Wengine wanaosoma kumbukumbu hii hawakukujua, basi tuwaambie. Ulikuwa fundi wa lifti, mwanamke peke yako katika karakana ya mafundi kumi na mmoja. Wazazi walipotutoka ulikuwa na miaka ishirini na miwili, kaka yangu Bonge kumi na minne, mimi kumi na mmoja. Ulikuwa unaingia nyumbani mikono ya ovaroli umeifunga kiunoni, unanawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, ndipo unauliza, "Haya, nani amefanya hesabu na nani amefanya ujinga?" Mimi nilimtaja Bonge, Bonge alinitaja mimi, na wote wawili tuliishia mezani na madaftari.

Mtu akikwama kwenye lifti ulikuwa na sauti yako ya kazi hiyo. Uliinama mlangoni ukapiga soga na aliyemo ndani, ukamwuliza leo kwake kunapikwa nini, watoto wangapi, nani mtundu, huku mkono unafungua skrubu. Mama mmoja alikuja msibani hatumjui. Alisema dakika arobaini alizokaa gizani ulimsimulia vituko vya Bonge, na kwamba uso wako hakuushika, ila sauti yako angeijua popote.

Macho yako yalipoanza kuwa ya manjano, mtaani walisema unakunywa. Wewe, ambaye hata soda ilikupalia! Daktari bingwa wa ini alitukalisha akatueleza kwamba kinga ya mwili wako imegeuka na inalishambulia ini lako lenyewe, na hakuna ulilokosea. Dawa zilikubeba miaka mitatu. Kisha tumbo likajaa maji, ovaroli ikakataa kufunga vifungo, na daktari akasema dawa zimefika mwisho wake. Ulihitaji kupandikizwa kipande cha ini kutoka kwa ndugu aliye hai. Mtoaji, alisema, ini lake huota tena.

Tulidhani suala ni nani atakubali. Wote tulikubali siku hiyo hiyo, tukagombana nani aanze.

Alianza shemeji. Alifunga kibanda chake cha kinyozi asubuhi, akarudi mchana kichwa chini: kundi lake la damu halilingani na lako. Nikafuata mimi. Kundi likalingana. Moyo mzima, mapafu mazima, sukari hakuna. Nilikupigia simu nikakutania kwamba sasa utapata ini la mtu aliyekuwa na akili darasani. Siku ya pili, kabla ya kuniingiza kwenye mashine ya picha, walinipima mkojo kama wanavyompima kila mwanamke. Muuguzi aliyekuwa akituratibu alirudi na karatasi, akafunga mlango, akavuta kiti.

"Dada, una ujauzito."

"Haiwezekani," nikamwambia. "Miaka sita sasa."

"Kwa siku zako ulizotutajia, ni wiki ya nane. Na mwenye mimba hatoi ini. Nikupe hongera au nikupe pole, hata mimi sijui nianze na ipi."

Miaka sita mimi na mume wangu tulikuwa tunaisubiri habari ile. Nilipoipata nilimwuliza muuguzi swali ambalo leo nalikiri kwako, na mume wangu nimekwisha kumwambia kabla ya kuliandika. Nilimwuliza, "Na kama isingekuwepo?" Hakunigombeza. Aliniwekea mkono gotini, akasema hata ningeitoa, mwili wangu ungehitaji miezi kabla ya kuguswa na kisu, na madaktari wasingempokea mtu aliyesukumwa na hofu hadi huko. Halafu akanipa kitambaa.

Nikaja wodini nikakudanganya. Nilisema mishipa ya ini langu imekaa vibaya. Ulinikagua toka juu mpaka chini kama unayekagua kamba ya lifti.

"Mishipa?"

"Ndiyo, Dada."

"Na chai umeikataa tangu lini? Wewe, chai?"

Nikaangua kilio. Ukanielewa kabla sijasema neno. Ukajiinua ukakaa, na mipira yako yote ya dripu mikononi ukacheza mabega, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kulikoni. "Naitwa mama mkubwa!" ukamwambia. "Huyu anakwenda kunifanya mama mkubwa!" Kisha ukanivuta karibu, ukasema polepole, "Na usije ukafikiria upuuzi. Nimekulea mwenyewe, nakujua ulivyo. Nikisikia, nashuka hapa na mipira yangu hii nakuchapa."

Akabaki Bonge, dereva wa gari la mikate, aliyekuwa akimaliza mkate mzima kabla hajafika kona ya kwanza. Kundi lake la damu lililingana, lakini picha ilionyesha mafuta yamekula karibu theluthi ya ini lake. Daktari hakumficha: likikatwa vile, kipande utakachopewa wewe huenda kisifanye kazi, na kitakachobaki kwake huenda kisimtoshe. Apunguze mwili, arudi baada ya miezi mitatu.

Bonge akaanza kutembea asubuhi kabla ya kazi. Siku ya kwanza alirudishwa na jirani kwenye toroli ya kubebea saruji. Hakuacha. Kila Jumapili ulimpandisha kwenye mizani ukavaa miwani.

"Umepungua kilo mbili, au umevua viatu?"

"Nimevua viatu na soksi, Dada, lakini hizo kilo ni jasho langu."

Wewe nawe ulikuwa na mtihani wako. Jopo la madaktari lilitaka mwili wenye nguvu za kustahimili upasuaji, na misuli yako ilikuwa imekwisha. Ulikula mayai bila hamu, macho umeyafumba. Ulitembea kwenye ujia wa hospitali dakika sita zilizohesabiwa kwa saa ya mkononi, wao wakipima umefika wapi, na binti yako wa miaka tisa akikuhesabia hatua pembeni. Mara moja ulipita mbele ya lifti ukasimama kusikiliza. Mhudumu akakwambia muda unakwenda. "Najua, baba, lakini roda hiyo ya kamba inaomba grisi. Mwambieni mtu." Siku hiyo ulifeli kwa mita chache. Wiki iliyofuata ukafaulu, ukataka tukupigie makofi, tukakupigia.

Bonge alipunguza kilo kumi na nne. Picha ya pili ikaonyesha ini lake limesafika. Jopo likakaa, likawakubali nyote wawili, na ukapangiwa Jumanne.

Siku tano kabla yake ukapandwa na homa. Maji ya tumboni yalikuwa yameingiwa na vijidudu, vikavuka mpaka kwenye damu. Wakakutundikia dawa kali mchana kutwa, homa ikashuka, ikapanda tena. Figo nazo zikaanza kulegea. Wote tulijua Jumanne imeshapotea, ila hakuna aliyethubutu kumpigia Bonge kumwambia asije.

Akaja, na begi lake dogo, hajala wala hajanywa tangu alipoamka, kama alivyoagizwa mwanzoni. Akamzuia daktari mlangoni.

"Niko tayari, daktari."

"Najua uko tayari."

"Basi twende. Ini ni safi, wewe mwenyewe ulisema."

"Nikimfungua leo na damu hii, atafia mezani, na wewe nitakuwa nimekukata bure. Nisamehe, kaka."

Bonge akakaa sakafuni pale pale, begi mapajani. Ukamsikia, ukamwita. Sauti yako ilikuwa imebaki nusu. Akasimama kando ya kitanda, suruali imeshikiliwa na mkanda aliouongezea matundu kwa msumari, na wewe ukamtazama kwa muda mrefu.

"Umependeza, mdogo wangu," ukamwambia. "Sasa nenda ukale."

Hukumwambia neno jingine baada ya hapo. Siku mbili baadaye ulikwenda.

Bonge amebaki mwembamba, Dada. Mikate anaibeba, lakini haili. Kila mara anarudia kwamba angeanza kutembea miezi mitatu mapema, ungekuwepo. Mwezi uliopita tulimpeleka kwa daktari yule yule, akamwambia ana kwa ana kwamba homa ile ingeweza kukupata wiki yoyote, na kwamba hata waliopandikizwa kwa wakati wapo wasioamka. Bonge aliitikia kwa kichwa. Hatujui kama alisikia. Shemeji ameifua ovaroli yako mara tatu mwaka huu, na hakuna aliyeivaa.

Na mimi nilijifungua, miezi mitatu na siku kadhaa baada ya kukuzika. Ni wa kike. Nilimnyonyesha, nilimwogesha, nilimbadilisha nepi, lakini usoni sikumtazama. Kila nikitaka kumtazama nilikuona wewe kwenye ule ujia, unasukuma miguu. Nilijiambia kwamba mmoja wenu alimpisha mwenzake. Sikumwambia mtu.

Wiki ya tatu binti yako alikuja kututembelea. Alinikuta nimegeukia ukutani na mtoto analia kitandani. Akavua viatu, akampakata kama ulivyomfundisha kupakata mwanasesere, akambembeleza mpaka akanyamaza. Kisha akaniambia:

"Mama mdogo, mama alinipa maneno yako. Alisema nisikwambie mpaka mtoto azaliwe."

"Alisemaje?"

"Alisema utalia sana. Alisema nikwambie siku ile alipocheza mabega hakuwa anajifanya. Alifurahi kweli kweli."

Nikageuka, Dada. Nikamtazama mwanangu usoni kwa mara ya kwanza. Ana paji lako la uso.

Tunaokukumbuka ni mumeo, binti yako, mdogo wako Bonge, mimi kitindamimba pamoja na mume wangu, mafundi wenzako kumi wa karakana, na mtoto atakayekuita mama mkubwa, ingawa bado hajajua kusema. Ameanza kutambaa wiki hii.

Tutakukumbuka, Dada, maadamu mmoja wetu yu hai.