Saluni Imefungwa, Draya Iko Chumbani

Mshauri wetu, nakuandikia mtoto akiwa amelala, kwa hiyo sitazunguka.

Nilikuwa na saluni ya kiti kimoja, ndogo lakini yangu, na imefungwa, na usinipe pole maana pole nimepewa za kutosha, mpaka na watu ambao hawakuwahi kuja kusuka kwangu. Nilikuwa peke yangu, mtoto mgongoni, nasuka huku napokea simu huku nabishana na fundi wa umeme, mpaka siku moja mtoto akapandwa na homa nikamwacha mteja nusu kichwa kimesukwa, nusu nywele zimesimama, nikamwambia nakuja sasa hivi, na sikurudi. Alijifunga kitambaa akaenda zake, habari ikazunguka mtaa mzima, wateja wakakatika, nikafunga. Sasa draya ya kukaushia nywele imesimama kando ya kitanda chetu, mwanangu anamweka mwanasesere chini yake na kumwambia, "Tulia mama, usitikise kichwa," na mume wangu kila akijigonga goti hapo anasema tuiuze, nami namjibu nitafungua saluni nyingine kubwa zaidi, ya viti sita, ingawa nikijisikia nasema hivyo hata mimi sijiamini. Juzi kaja Chapuchapu, binti niliyemfundisha kusuka tangu hajui kushika kitana, na siku hizi ana saluni yake. Akasema, "Dada, njoo ukae kiti cha dirishani. Nataka jibu Jumamosi."

Nikamuuliza, "Yaani wewe ndio uwe bosi wangu?"

Akacheka. "Basi bosi nitakuita wewe. We njoo usuke tu."

Nikubali kuwa chini ya mwanafunzi wangu, au nivumilie mpaka nifungue yangu?

Mama Draya

*

Mama Draya,

Pole hukutaka, sikupi. Mtoto akiwa na homa mama anaondoka, hapo sina neno. Lakini hata kesho yake hukurudi kwa yule mteja? Hapo ulikosea, na unajua.

Barua nzima sijaona mtu aliyelalamikia mkono wako. Kusuka hakujakushinda. Kilichokushinda ni kuwa msusi, mlezi, mpokea simu na msimamizi wa mafundi kwa wakati mmoja. Na sasa unataka viti sita! Kimoja tu kilikutoa jasho, mwenzangu.

Nenda kwa Chapuchapu. Patana naye mapema saa yako ya kutoka, na nani atammalizia mteja ukiitwa kwa mtoto. Draya msiiuze, ipeleke huko ikafanye kazi, mumeo apumzishe goti. Kuhusu ubosi, binti huyo angeweza kukucheka kama wengine. Kaja mpaka mlangoni kwako, kakuita dada. Heshima gani nyingine unaisubiri?

Viti sita viweke pembeni kwanza. Kwa sasa uwe na lengo moja: kila anayekaa kwenye kiti chako ainuke na kichwa kizima.

Na usingoje Jumamosi. Mtafute yule wa kitambaa. Atakusema, mwache akuseme, usijitetee. Akimaliza, mkalishe, umsuke bure, upande ule na upande huu. Huyo ndiye mteja wako wa kwanza.